Zamu ya Wenye Ndoa

Verna Lahti alirudi kutoka kusukuma theluji, akamkuta mwanamume amekaa kwenye kiti chake.

Kiti chenyewe hakikuwa cha maana. Kilikuwa cha mbao, kando ya dirisha la jikoni, na mto wake ulikuwa umeshabonyea kwa umbo la makalio ya Verna. Lakini hakuna mtu wa Barabara ya Salo aliyewahi kukikalia, hata kwa bahati mbaya. Na huyu aliyekikalia leo, mkono wake wa kushoto umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine, alikuwa Rodney Maki, aliyekuwa mume wa Noreen kabla Noreen hajawa mke wa Verna.

"Karibu," Rodney akasema. Maneno yalitokea upande mmoja wa mdomo. Kisha akatambua kwamba anamkaribisha mwenye nyumba ndani ya nyumba yake mwenyewe, akainamisha uso.

Noreen alikuwa mbele ya jiko, mikono imejaa unga. Mlangoni alisimama Curtis, kijana wake na Rodney, tayari amevaa koti la safari.

"Wiki mbili tu, Verna," Curtis akasema. "Kiharusi kimempungua, hospitali wamemruhusu, lakini kule kwangu Green Bay naishi ghorofani, hakuna lifti. Anajifunza kutembea upya. Nimeshaongea na mama."

"Umeongea na mama," Verna akasema.

"Nilikupigia," Noreen akasema haraka. "Simu haikushika. Si unajua ukiwa kule upande wa ziwani haishiki?"

Verna akavua koti, akalitundika, akavua buti moja, kisha la pili. Hakusema neno. Waliomjua walijua kwamba hiyo ni dalili mbaya, maana huyu alikuwa mwanamke wa kuligombeza hata Ziwa Superior likichelewa kuganda. Curtis alimjua. Akambusu mama yake, akamshika baba yake bega, akaondoka kabla kahawa haijachemka.

*

Kuna hadithi moja ambayo Verna alipenda kuisimulia, na jamaa zake walikuwa wameisikia mpaka wangeweza kumsaidia akikwama. Ilikuwa hadithi ya jinsi alivyompata Noreen.

Kulikuwa na tufani, Verna husema, theluji inakuja kwa ubavu, na yeye yuko juu ya greda la kaunti anasafisha njia peke yake. Karibu na daraja anaona gari limeingia mtaroni. Ndani kuna mwanamke na begi lake, analia. "Ametoka siku hiyo kwa mwanamume ambaye hakuwahi kumpenda hata siku moja," Verna husema, na hapo hupiga meza kidogo kwa kidole. "Miaka yote ile alikuwa anaigiza, masikini. Hata hajui analilia nini. Mimi nilijua." Wasikilizaji huguna. Noreen wakati huo huwa anamimina kahawa, anavitabasamia vikombe. Hakuwahi kusema ndiyo, wala hakuwahi kusema sivyo, na Verna alikihesabu kimya kile kuwa ndiyo.

Yeye mwenyewe hakuwa na hadithi ya namna hiyo. Alijijua tangu akiwa msichana mdogo kwamba moyo wake uko kwa wanawake, na alilipishwa kwa kujijua huko. Baba yake alikaa mezani naye mwaka mzima bila kumwambia nipe chumvi. Kwenye karakana ya kaunti walimwandikia matusi kwenye mlango wa greda, akayafuta, wakaandika tena. Kwa hiyo alipompata Noreen alimwona kuwa ni mwenzake aliyechelewa tu kufika, mtu aliyepotezwa njia na mama yake, na kanisa, na woga. Hakuna alichokiamini kuliko hicho. Nyumba yao yote, kwa Verna, ilisimama juu ya msingi huo.

Sasa mwanamume asiyewahi kupendwa alikuwa amelala chumba cha pili, na usiku alikohoa, na Noreen aliinuka kabla Verna hajafumbua macho.

*

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini utampa jembe gani mtu asiyeweza kufunga vifungo vya shati lake? Siku ya tatu Verna akaona heri atoke yeye, akaenda dukani kununua kahawa.

"Nasikia Rod amerudi nyumbani," akasema Bernice, mwenye kaunta.

"Amekuja kwetu kupata nguvu. Wiki mbili."

"Ndiyo, nyumbani," Bernice akasema, bila ubaya wowote. "Wanaume hurudi, mwenzangu. Bob wangu aliondoka mara mbili, na mara zote mbili alirudi na nguo chafu."

Nyuma ya Verna alikuwa Duane, wa karakanani, mikono imejaa mikebe ya bia. "Sasa Verna, wewe utalala wapi? Kwenye greda?"

"Kwenye greda kuna joto kuliko kitandani kwako. Muulize mkeo."

Wote wakacheka, na Verna akacheka nao. Duane akamtazama sikio, palipobandikwa plasta. "Na hilo je? Noreen kakunyoa tena?"

"Kaninyoa."

"Ipo siku atalitoa zima, utakuja kazini na moja."

Wakacheka tena. Hawakuwa watu wabaya. Duane alicheza kwenye harusi yao mpaka akachanika suruali, na Bernice ndiye aliyeoka keki. Hilo ndilo lililomuuma. Adui akikutusi unajua pa kuliweka tusi lake, lakini rafiki akikutania jambo, jua wameshalizungumza huko nyuma wakalimaliza. Verna akafika kwenye gari lake, akawasha injini, ndipo akakumbuka kwamba kahawa ameiacha kaunta. Hakurudi kuichukua.

*

Alipofika kwake hakuingia. Dirisha la jikoni lilikuwa na taa, na ndani yake Noreen alikuwa anamnyoa Rodney ndevu.

Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, akapitisha wembe chini ya taya. Vidole havikutafuta njia, viliijua. Rodney akasema kitu kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, na Noreen akacheka, kichwa nyuma, koo lote wazi, kicheko ambacho Verna alidhani ni chake peke yake hapa duniani. Akasimama kwenye theluji mpaka miguu ikaanza kufa ganzi. Wivu ulimjaa, na aliuonea aibu, na aibu haikuupunguza.

Akaenda bandani, akatwaa shoka, akaanza kupasua kuni.

Haikuchukua muda Noreen akaja, amejifunga shali kichwani. "Kuni zimekukosea nini?"

"Za sauna. Za Jumamosi."

"Za Jumamosi zipo tangu kabla ya Krismasi. Weka shoka chini, Verna, unanitisha."

Verna akaliweka. Akashindwa afanye nini na mikono yake, akaiingiza mifukoni. "Ulimpenda?"

"Unataka jibu, au unataka hadithi yako?"

"Nataka jibu."

"Nilimpenda."

"Ulidhani unampenda. Mama yako ndiye—"

"Mama yangu hakumtaka Rodney hata kumwona! Alimwita mlevi, mtoto wa walevi. Mimi ndiye niliyemtaka. Niliruka dirisha kwa ajili yake." Noreen akaikaza shali kichwani. "Nilimpenda, na nilimtamani pia, kama hilo ndilo unaloogopa kuuliza. Pombe ndiyo iliyotushinda. Nilimngoja aache mpaka nikachoka kungoja, basi. Sikuwa naigiza. Hakuna mtu anayeweza kuigiza miaka yote ile, hata awe nani."

"Na mimi?"

"Na wewe nikakupenda baadaye. Wewe hukunitoa gerezani, Verna. Ulinitoa mtaroni."

Verna alihisi kama mtu aliyekanyaga barafu ikalia chini ya mguu wake. "Miaka yote hii nasema mbele za watu—"

"Ulisema wewe. Mimi nilikuwa namimina kahawa."

"Ungenikataza!"

"Ningekukatazaje? Uliipenda sana. Halafu niliona haya." Noreen akapangusa pua kwa ncha ya shali. "Rafiki zako wote walikuwa wanajijua tangu utoto. Kila mmoja ana makovu yake ya kuonyesha. Mimi nimefika nimechelewa, nina mtoto, nina jina la mwanamume. Nikawaza nikisema nilimpenda kweli, watasema huyu anaonja tu, kesho atarudi kwao. Nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Yule mtu amekaa jikoni kwangu, hawezi hata kushika kijiko, na mimi nijifanye kwamba hakuwahi kuwa kitu?"

"Kwa hiyo wewe ni nini?"

Swali lilitoka vibaya kuliko alivyokusudia. Noreen akalisikiliza mpaka likaisha.

"Mchungaji aliniuliza hivyo hivyo," akasema taratibu. "Mama aliniuliza. Kwako wewe sikulitegemea. Jina la anayependa wanaume na wanawake lipo, na unalijua. Rafiki zako wamekaa mezani kwetu wakalisema, ukacheka, ukasema hao ni watu wasioweza kuamua."

"Kama uliweza kumpenda jana, nini kitakuzuia kesho?"

"Anita huja hapa kila Krismasi. Ulilala naye miaka saba. Mimi ndiye ninayemtandikia kitanda, na kumwekea chupa ya maji moto miguuni. Umewahi kuniona napasua kuni?"

"Anita ni tofauti."

"Tofauti kwa nini?"

"Kwa sababu Anita ni—" Verna akakwama.

"Ni mwanamke," Noreen akamalizia. "Basi. Mwanamke si mshindani, mwanamume ndiye mshindani wa kweli. Hayo ni maneno ya akina Duane, Verna. Umepigana nayo maisha yako yote, leo unaniambia mimi."

Akageuka, akarudi ndani. Verna akabaki na kuni nyingi kuliko alizoweza kubeba.

*

Jumamosi ilifika, na Jumamosi ni siku ya sauna, siku ya kuoga kwa mvuke.

Verna alikijenga chumba kile kwa mikono yake, mbao za mwerezi, jiko la mawe, benchi la juu na la chini, na kichumba cha mbele cha kuvulia nguo. Kila Jumamosi ndugu yake Elmer alikuja na mkewe Gail na shangazi yao Saima, mama wa miaka themanini na ushee, na Saima ndiye aliyeita zamu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Mama yake aliifanya, na bibi yake, naye aliketi jikoni karibu na birika na kutaja majina kwa sauti ya kupanga jeshi. Wenye ndoa kwanza, wawili wawili, mke na mume pamoja. Kisha wanawake. Kisha wanaume.

Miaka ya mwanzo Saima alimtia Noreen kwenye kundi la wanawake, pamoja na Verna na yeye mwenyewe, na hakuna aliyeweza kulalamika, maana kweli walikuwa wanawake. Hata waliporudi kutoka mahakamani Houghton na cheti chao cha ndoa, Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Kisha siku moja wakati wa kiangazi, bila mtu kumwomba, bibi kizee akapiga funda la kahawa na kusema, "Verna na Noreen, ingieni, zamu ya wenye ndoa." Verna alizunguka nyuma ya rundo la kuni akalia kama mtoto. Cheti kilikuwa cha serikali. Hii ndiyo ilikuwa harusi.

Rodney alikuwa ameiomba sauna wiki nzima. Hajaionja tangu augue. "Hata harufu tu," alisema. Hospitali walikubali iwe kwa muda mfupi, benchi la chini, kabla mawe hayajapata moto sawasawa. Noreen akamwambia Verna waziwazi: atamwingiza Rodney mapema, kabla ya wageni, amwoshe, amtoe. Mtu mwenyewe hawezi kujisugua, na mgongo wa Elmer umetoka kupasuliwa, hawezi kuinua hata paka.

"Fanya unavyotaka," Verna alijibu. Tangu siku ile ya bandani walikuwa wanasemezana hivyo, maneno ya kutosha kuendesha nyumba.

Lakini Elmer, ambaye hajawahi kuchelewa popote, siku hiyo akawahi zaidi. Walipoingia jikoni wanakung'uta theluji, Noreen alikuwa amesimama katikati ya chumba, taulo mbili begani, amemkumbatia Rodney kiunoni ili asianguke.

Saima akaketi penye birika. Siku hizi kichwa chake kilikuwa kinakuja na kuondoka. Akawatazama wale wawili, aliowajua tangu walipokuwa mke na mume, uso ukamchangamka.

"Noreen na Rodney!" akaita. "Haya, ingieni, zamu ya wenye ndoa. Kama zamani."

Gail akaweka kikombe chini polepole, kana kwamba kingelipuka. Elmer akageukia dirisha kutazama theluji aliyokuwa ametoka kuikung'uta.

Noreen akafungua mdomo, na kwa muda mfupi sana hakuna kilichotoka. Verna aliuona muda ule. Mke wake alikuwa amesimama mbele ya ukoo mzima akiwa amemshika mwanamume huyu, na ameitwa pamoja naye, na hajakataa.

"Shangazi," Noreen akasema hatimaye, "zamu yangu ni na—"

"Si mimi, shangazi," Rodney akamkatiza. Maneno yalimtoka kwa shida, na mate pia. "Mimi si wa zamu hiyo. Mimi sina zamu." Akajaribu kuketi, akakikosa kiti, na Gail akamdaka kwa mkanda wa suruali. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. "Nirudisheni chumbani. Niachieni tu. Nirudisheni."

Ingekuwa rahisi kumwachia. Wiki nzima Verna hakuombea jingine ila huyu mtu aondoke machoni pake, na sasa mwenyewe ndiye anayeomba kuondoka. Hakuna ambaye angemlaumu. Akamtazama yule mzee aliyeshikiliwa kwa mkanda, akakumbuka jinsi ilivyo kukaa jikoni siku ya Jumamosi ukisikia majina yanatajwa na lako halimo.

"Nipe taulo," akasema.

"Nini?" Noreen akauliza.

"Taulo. Nitaingia naye mimi."

"Mwanamke na mwanamume wasiooana?" Saima akashtuka. "Haijawahi kutokea!"

"Basi leo itatokea, shangazi. Elmer, mwekee Rod koti. Nje kunateleza."

*

Joto lilikuwa la wastani tu, na harufu ya mwerezi ilikuwa imeanza kutoka. Rodney aliketi benchi la chini na bukta yake. Verna alikuwa na fulana na suruali ndefu ya ndani, na alijiona mjinga. Hakuwahi kuingia sauna na mwanamume tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa na baba yake. Akachota maji kwa kata, akayamwaga kidogo juu ya mawe, mvuke ukapanda ukawafunika wote wawili, na Rodney akatoa sauti ambayo ilikuwa karibu na kilio.

"Moto sana?"

"Hapana. Acha hivyo."

Verna akapaka sabuni kwenye kitambaa, akaanza kumsugua mgongo. Ulikuwa mgongo mkubwa uliokonda, ngozi imebaki pale nyama zilipoondoka.

"Unanichukia?" Rodney akauliza, amegeukia ukuta.

"Wiki hii, ndiyo."

Akacheka nusu. Kisha akasema polepole, akilichagua kila neno kabla ya kulitoa. "Ile hadithi yako. Ya theluji. Nimeisikia. Baa waliniambia, zamani, wakati bado nakunywa. Mtu mmoja aliisimulia yote, hajui mimi ni nani. Watu wakacheka."

Mkono wa Verna ukasimama.

"Nilikuwa mlevi. Hilo sema, ni kweli, sema hata kanisani. Lakini lile jingine, Verna. Kwamba hakunipenda hata siku moja." Akatikisa kichwa. "Sina kitu kingine mimi. Nyumba ilikwenda. Mkono umekwenda. Hilo nilikuwa nalo, na wewe unalitoa nje kila Jumamosi, unalikanyaga."

Verna alitaka kusema hakujua, lakini alijua kwamba hilo ni jibu bovu. Akachota maji, akamsuuza, akiyakinga yasimwingie machoni.

"Bado unampenda," akasema.

"Mm."

"Na yeye?" Swali ambalo hakuthubutu kumuuliza Noreen likatoka mbele ya mtu wa mwisho aliyestahili kuulizwa.

Rodney akafikiri. "Zamani akininyoa alikuwa ananikata. Kila mara. Naenda kazini na karatasi usoni, wenzangu wananicheka. Alikuwa hautazami wembe, ananitazama mimi." Akajipapasa kidevu kwa mkono ulio mzima. "Sasa ananinyoa kama anamenya kiazi. Wiki nzima hajanitoa hata damu ya mbu."

Mkono wa Verna ulipanda wenyewe hadi kwenye sikio, ukaikuta ile plasta, iliyolegea kwa mvuke. Alipata nafuu kubwa kiasi kwamba aliona haya kuipata mbele ya mtu huyu. Akamfunika mabega kwa taulo, akamshika kwapani. "Twende," akasema, "kabla hujapata kizunguzungu. Jumamosi ijayo tutaweka kuni zaidi kidogo."

"Wiki mbili zitakuwa zimekaribia kwisha."

"Nani kasema wiki mbili?"

*

Elmer na Gail walikwenda zamu yao, wakarudi wanang'aa. Noreen akakata mkate wa iliki, akamimina kahawa. Rodney aliketi kwenye kiti cha dirishani, nywele mbichi zimechanwa, na Verna alikaa juu ya kigoda karibu na mlango. Saima alikuwa akichovya mkate wake kimya. Hakuita tena. Zamu moja ya wenye ndoa ilikuwa imerukwa, kila mtu alijua, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkumbusha. Noreen alipompa Verna kikombe, vidole vyao viligusana, na wote wawili wakaangalia kikombe.

Elmer hakuweza kustahimili ukimya, maisha yake yote ilikuwa hivyo. "Verna," akasema kwa furaha ya kulazimisha, "tusimulie ile ya theluji."

Gail akampiga teke chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Rodney akakitumbulia macho kikombe chake. Noreen akasimama na birika mkononi, hakumimina.

Verna akakohoa. "Kulikuwa na tufani," akaanza. "Theluji inakuja kwa ubavu. Karibu na daraja nikaona gari limeingia mtaroni, na ndani kuna mwanamke na begi lake, analia."

Akasimama. Hapo ndipo sentensi ile huja. Aliisema mara nyingi kiasi kwamba ulimi ulikuwa tayari umeinuka kuipokea.

"Ametoka siku hiyo kwa mwanamume aliyempenda," Verna akasema. "Aliyempenda sana. Walishindwana kwa pombe, ikambidi aondoke. Ndiyo maana alikuwa analia. Mimi sikujua. Nilijifanya kujua, lakini sikujua kitu." Akamtazama Noreen. "Nikafunga mnyororo, nikamvuta. Mimi sikufanya zaidi ya hapo. Yaliyobaki aliyaamua mwenyewe."

Elmer alibaki kinywa wazi, mkate ndani. Rodney aliinamisha kichwa, na ule upande wa uso ulio hai ukawa unatetemeka.

Noreen akaweka birika mezani. "Mnyororo ulikatika mara mbili," akasema.

Wote wakamgeukia. Hajawahi kutia neno kwenye hadithi ile.

"Mara moja," Verna akasema.

"Mara mbili. Ile ya pili ulitukana. Uliutukana mnyororo, ukaitukana kaunti, ukamtukana aliyeleta theluji duniani, mpaka mimi nikaacha kulia nikaanza kucheka mle ndani ya gari. Hapo ndipo nilipokutazama. Kabla ya hapo sikuwa nimekutazama."

"Hujawahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unasimulia."

Saima alikuwa ameinua uso. Akaangalia nje, kwenye moshi uliokuwa ukipungua juu ya paa la sauna, akakunja kipaji cha uso. "Nani hajaingia?" akauliza.

Macho yake mazee yakaanza kupita kwa kila mmoja, yakitafuta. Yakatua kwa Elmer, kwa Gail, yakafika kwa Rodney na nywele zake mbichi, yakakaa hapo muda. Noreen alikuwa amefumba midomo. Verna, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa, aliyeendesha greda kwenye dhoruba ambazo wanaume walizikataa, alijikuta ameshika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili.

Saima akapiga funda la kahawa, akaweka kikombe chini.

"Verna na Noreen!" akaita. "Mnangoja nini? Moto unazimika."